Likizo ya Wifi

Wifi yangu alikuwa na mdomo. Nalisema mapema ili mtu asije akamwonea huruma kabla ya wakati wake. Alikuwa na mdomo, alikuwa na maringo, na alikuwa na tabia ya kuvaa kandambili zangu na kuniachia zake zilizokatika. Kazi nilimtafutia mimi, pale kiwandani tulipokuwa tunafua mashuka ya mahoteli na mahospitali, kwa sababu kibarua cha mume wangu, ambaye ni kaka yake, kilikuwa kimeota nyasi tangu mgongo ulipomharibikia. Mama mkwe alisema nyumba nzima haiwezi kulishwa na mtu mmoja. Mtu mmoja mwenyewe nilikuwa mimi, lakini alilisema kama vile mimi ndiye wa kumwomba samahani.

Mimi namwita wifi, yeye ananiita wifi, ndivyo ilivyo kati ya mke wa mtu na dada wa mtu. Kiwandani wakasikia, wakadaka. Jina likamng'ang'ania yeye, mimi nikabaki na langu. Hata madereva wa malori walimwita Wifi, na dereva mmoja alimwita vizuri kupita wenzake, mpaka akampa mimba. Alipopelekewa habari alibadilisha njia ya lori, kisha akabadilisha namba ya simu.

Sasa mimba kiwandani kwetu ilikuwa balaa. Mwanamke akionekana tumbo, anaitwa ofisini na kuambiwa "anapumzishwa". Neno zuri hilo. Hatukuwahi kumwona hata mmoja akirudi kutoka kwenye hayo mapumziko. Na kukaa kulikatazwa kabisa: hakuna kiti, hakuna benchi, na ukigeuza ndoo ukaikalia, nyapara anaipiga teke wewe ukiwa juu yake. Wifi akawa anajifunga kipande cha shuka bovu tumboni kila asubuhi, anakaza mpaka macho yanamtoka, halafu anasimama kwenye meza ya pasi mpaka kengele ya jioni. Miguu ilimvimba. Nilimwona, nikakasirika, maana ningefanya nini? Tulihitaji mishahara yote miwili.

Ndipo mataulo yakaanza kupotea na tajiri akaleta fundi wa kamera.

Fundi alikuwa mtu wa utani, mwembamba, suruali imejaa mifuko. Alituambia kwamba zamani kazi yake ilikuwa ya watu wawili na makelele mengi. Mmoja yuko juu ya ngazi anageuza kamera, mwenzake yuko ofisini mbele ya televisheni anapayuka, geuza, rudisha, umepitiliza, rudisha tena. Siku hizi alikuwa na kidude chenye kioo, ukubwa wa sahani ya chai, anakining'iniza shingoni kwa mkanda. Anachomeka waya mmoja tu, kamera inapata umeme hapo hapo, na picha yake inamjia kifuani. Anaigeuza kwa mkono huku anaona itakachokiona. Tukamzunguka kama hatuna kazi, mpaka nyapara akapiga makofi tukatawanyika.

"Nipeni mtu wa kusimama mbele ya kamera," fundi akasema. "Nataka sura ya mtu, nione kama inatokea vizuri."

Nyapara akatembeza macho kwenye meza, akamwona Wifi amejiegemeza. "Mchukue huyo. Hata kazi yenyewe haimtaki."

Wifi akasimama alipoelekezwa. Fundi, juu ya ngazi, akamwambia, "Kulia."

"Nilie nimefanya nini?"

"Sogea kulia!"

"Kulia kwangu au kulia kwako? Maana tunatazamana, fundi, tusije tukakosana."

Watu wakacheka. Wakakubaliana kusema upande wa mlango na upande wa pasi, na kazi ikaenda. Kamera ya kwanza ikakaa, ya pili ikakaa. Ya tatu ilikuwa ya juu kabisa, karibu na dari, na fundi alitaka mikono yote miwili kwa ajili ya kushika na kukaza skrubu. Akakichomoa kile kioo kutoka kwenye kidude, akamshushia Wifi.

"Shika wewe. Hakina haja ya waya, kinapata picha kwa wifi."

"Kwa nani?"

"Wifi. Si unaona imeandikwa hapo pembeni?"

Wifi akasoma, akacheka mpaka akajishika ubavu. "Wifi! Njoo uone, wameshaniandika na kwenye mitambo!" Kweli ilikuwa imeandikwa. Nilikuwa meza ya jirani, nikanyoosha shingo na kukiona kioo juu ya bega lake: meza zetu zote, vichwa vyetu vyote na mvuke unaopanda. Sikupenda kujiona. Nilionekana mzee.

Amri ya nyapara kwa kamera hiyo ilikuwa fupi: mlango wa kupakia uonekane wote, na meza zionekane zote. Fundi akaigeuza polepole akiuliza, "Vipi mlango?" Mlango ulikuwa umeingia wote kwenye kioo, mpaka na kizingiti. Ilikuwa imeingia pia kona ya nyuma ya mashine ya mwisho ya kukaushia, pale mabomba yanapoingia ukutani, mahali penye upana wa kutosha mtu mmoja na ndoo yake. Niliiona kwa macho yangu.

"Bado," Wifi akasema. "Mlango umekatika. Peleka upande wa mlango."

Fundi akapeleka. Kona ikaanza kutoka kwenye picha.

"Kidogo tena."

Ikatoka yote, ukabaki ubavu wa mashine tu.

"Hapo! Hapo hapo! Kaza!"

Fundi akakaza. Mimi nikaacha pasi, nikamsogelea na kumnong'oneza, "Wifi, una nini wewe?"

"Nina mimba," akaninong'oneza. "Na sasa nina pa kukaa."

Nilitaka kumzaba kofi, na nilitaka kucheka. Nyapara alikuja akakitazama kioo, akauona mlango na meza, akasema hata nzi hapiti. Fundi akakusanya ngazi yake akaenda zake.

Nitazitendea haki kamera zile: zilitufaa. Kabla hazijawekwa, nyapara alikuwa na kawaida ya kuchukua taulo bichi, kulisokota, na kumtandika nalo mtu aliyemuudhi. Taulo bichi lililosokotwa haliachi alama. Linaacha maumivu tu, na maumivu hayaonyeshwi kwa mtu. Lakini tajiri alikuwa anatuangalia kwenye simu yake akiwa nyumbani kwake, na tajiri hakupenda fujo kwenye mali yake. Basi nyapara akajifunza kuweka mikono nyuma. Akitukasirikia alikuwa anatetemeka mashavu tu, na sisi tulipiga pasi kwa raha.

Na kona tukaiita likizo. Aliyeanza ni Wifi, nani mwingine. Kiwanda hakikuwahi kumpa mtu likizo, yeye akatupa. Alikuwa anapita karibu na meza yangu na kusema, "Wifi, naenda likizo, nikuletee zawadi gani?" Anakwenda nyuma ya mashine, anageuza ndoo, analegeza lile shuka tumboni, anakaa mpaka pumzi inarudi. Wengine wakajua. Wakawa wanapeana zamu, na yeye ndiye mwenye kutoa ruhusa, kwa maringo kama bosi. Nilimwambia atatuponza. Akaniambia nina wivu kwa sababu likizo yangu bado haijapitishwa.

Kulikuwa na mama mmoja wa kukunja mataulo, tulimwita Redio. Hakuwa mbaya, ila ulimi wake haukuwa na kifuniko. Asubuhi moja, nyapara amesimama mbele yake, Redio akajisahau kabisa akasema, "Naomba niende likizo kidogo, nakuja." Kicheko kikatutoka watu wote, halafu kikatukauka watu wote.

Nyapara akageuka. Akaingia ofisini, tukamwona kupitia dirishani ameinamia televisheni, anarudisha picha za nyuma. Naamini aliona wanawake wakitembea mpaka ubavu wa mashine, wakipotea, kisha wakirudi wamechangamka. Akatoka. Akaenda mwenyewe mpaka kwenye kona, akasimama kwenye mabomba na kuinua uso kuitafuta kamera. Hakuiona. Akatabasamu, na sijawahi kumwona mtu aliyefurahi vile kwa kutoonekana.

Tukasubiri kufukuzwa. Hakufukuza mtu. Hakumwambia tajiri. Siku ya pili yake akamwita Redio kwa sauti ya upole: "Wewe, njoo nikupe likizo." Akapita kwenye beseni akachukua taulo. Mashine zilikuwa zinanguruma zote, hatukusikia lolote. Redio aliporudi kwenye mataulo yake alikunja mpaka jioni bila neno, na wenye akili tukaelewa neno letu limechukuliwa na nani.

Kuanzia hapo hakuna aliyelicheka tena. Shuka likiungua kidogo, njoo likizo. Ukichelewa, njoo likizo. Kicheko chenyewe ukicheka, njoo likizo. Mimi nilikwenda mara moja. Sitasimulia.

"Mwambie fundi arudi aigeuze," nilimwambia Wifi.

"Nimwambie nini? Kwamba mlango haukukatika, nilidanganya?"

"Basi usikae tena pale."

"Nikae wapi, Wifi? Kichwani kwako?"

Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki, na tumbo lilikuwa limefika mahali ambapo shuka bovu linalishinda kidogo tu. Akawa anavizia lori likifika, nyapara anatoka nje kuhesabu mizigo na kugombana na madereva, yeye anakimbilia kwenye kona. Anakaa, anasikiliza honi. Lori likiondoka, anarudi mezani. Alisema anahitaji kuvumilia mpaka atakapojifungua, akajifungue siku ya mapumziko, arudi kazini kabla mtu hajaelewa. Alisema hivyo akicheka, lakini alikuwa amepiga hesabu kweli.

Siku yenyewe lori lilikuja nusu tupu. Nyapara akarudi mapema, ugomvi umekwisha na hasira bado hajaimaliza. Nilimwona anapita katikati ya meza akisukuma toroli la mashuka mabichi, halafu meza ya Wifi akaikuta haina mtu. Akalielekeza toroli nyuma ya mashine.

Nikaweka pasi chini nikamfuata, si katikati ya meza bali kwa ujia wa chooni, unaopita nyuma ya mashine pasipo kamera. Sikufikiri, ningefikiri ningebaki.

Wifi alikuwa kwenye ndoo, shuka limelegezwa, tumbo lote liko nje, ameliwekea mikono. Nyapara alisimama akalitazama. Nilikuwa nyuma yake, hatua chache tu, hakunisikia.

"Kumbe," akasema, "mko wawili kwenye likizo ya mmoja."

Na Wifi, mdomo wake huo, akamjibu: "Mmoja wetu hajaajiriwa na wewe."

Alisokota taulo bila haraka. La kwanza lilimpata begani. Alipoinuka, la pili likampata tumboni, nami nikapiga ukelele nikamrukia mgongoni. Alinitikisa nikaangukia mabomba, nikaungua mkono. Kisha akalisukuma toroli kwa mguu, toroli lote na maji yake, likambana Wifi ukutani. Halikuwa tukio refu. Akalivuta, akalisukuma kuelekea kwenye mashine, akaanza kupakia mashuka kama mtu wa kawaida.

Wifi alitoka pale kwa miguu yake. Hilo kamera ililiona: mwanamke anatoka ubavuni mwa mashine amejikunja, anakwenda hatua chache, anakaa chini katikati ya sakafu mahali palipokatazwa kukaa.

Mtoto tuliyempoteza alikuwa wa kiume. Nesi alituambia bila kuulizwa.

Hospitalini nilimshika mkono, mkono wangu mmoja umefungwa bandeji, nikamwambia, "Nilimwona. Nitasema yote mbele ya tajiri." Akaitikia kwa kichwa. Akaomba nyumbani tuseme tu kwamba ameteleza. Tutawaambia ukweli siku ya kushinda kesi mbele ya tajiri, alisema, mama asije akapasuka kabla. Nikakubali. Mume wangu akakaa kitandani na mgongo wake akilia kimyakimya, mama mkwe akaniuliza kwa nini sikumwangalia mdogo wangu. Nikavumilia, maana siku ya kushinda ilikuwa inakuja.

Wifi alipoanza kutembea kwa kushika kuta, tajiri akatuita. Ofisini walikuwa tajiri, nyapara, na televisheni. Tajiri hakuwa mkali. Alizungumza na sisi kwa heshima, akamwita Wifi dada, akampa hata kiti. Ndiyo mara ya kwanza kumwona amekaa ndani ya kiwanda kile bila kujificha.

"Dada anasema alipigwa," tajiri akasema. "Sasa tuangalie wote, ili tusionee mtu."

Akatuonyesha. Wifi anaacha meza, anakwenda nyuma ya mashine. Nyapara anapita na toroli. Mashine inatetemeka. Nyapara anaonekana anapakia mashuka. Wifi anatoka amejikunja. Akarudisha, akatuonyesha tena.

"Wapi anapopigwa?"

"Pale pasipoonekana," Wifi akasema.

"Nilikwenda kupakia mashine," nyapara akasema, "nikamkuta chini. Pale pana maji, na yeye hakutakiwa kuwepo. Isitoshe alikuwa na mimba akaficha. Ningejua ningempumzisha."

Tajiri akakuna kidevu. Kisha akasimamisha picha, akasogeza kidole kwenye meza moja yenye pasi inayotoa mvuke peke yake. Meza yangu.

"Na hapa? Huyu naye alikuwa wapi?"

Nyapara akanigeukia. Ndiyo kwanza nikaelewa mtego ulivyokaa. Nikisema nilikuwa kwenye kona, nimekiri nimeacha pasi ya moto bila ruhusa na kwenda palipokatazwa, nafukuzwa leo leo. Na ushahidi wangu utakuwa wa mtu aliyefukuzwa, wifi wa mlalamikaji, ambaye hata kamera haikumwona akiona. Nilielewa yote hayo, na bado nilifungua mdomo. Nataka hilo lijulikane, mdomo niliufungua.

"Alikuwa chooni," Wifi akasema.

Nikamtazama. Hakunitazama.

"Tumbo lilikuwa linamsumbua tangu asubuhi. Huko ndiko alikoungua mkono, kwenye bomba la maji ya moto. Hakuona kitu."

"Ni kweli?" tajiri akaniuliza.

Nyapara alikuwa ananiangalia kama mtu aliyeshikilia mlango akingoja kuona atapita nani. Nyumbani kulikuwa na mgongo wa mume wangu, na mama mkwe, na huyu hapa asiyeweza kusimama. Nikasema, "Ni kweli."

Wifi akapumzishwa siku hiyo hiyo. Mimi niliambiwa nirudi mezani, na nikarudi, nikapiga pasi mpaka kengele. Machozi niliyameza, kwa sababu kamera ile fundi aliitega vizuri sana kwa upande wa sura.

Nyumbani tukawaambia, ingawa siku haikuwa ya kushinda. Alisema yeye mwenyewe, ameketi kwenye mkeka, kwa sauti ya kusimulia habari za jirani. Taulo, toroli, ukuta. Mume wangu alijaribu kuinuka akashindwa, akapiga ngumi godoro. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Nilimsubiri Wifi. Hapa hapakuwa na tajiri wala nyapara, hapa palikuwa kwetu. Nilimsubiri aseme.

"Alikuwa chooni," akasema.

Baadaye, tulipobaki wawili, alinieleza kwamba Redio anaishi mtaa wa pili, mama yake hana siri, na maneno yakifika kiwandani nitafukuzwa. Ilikuwa sababu nzuri. Lakini alikuwa ananieleza akikunja nguo ndogo alizokuwa ameshona kwa vipande vya mashuka, na hakuinua uso.

Tangu siku hiyo mama mkwe haniiti tena kwa jina langu wala mwanangu. Ananiita Wa Chooni. Wa Chooni, chumvi iko wapi? Wa Chooni, mgeni wako huyu hapa. Mume wangu husikia akanyamaza. Usiku hunipa mgongo, na ukimuuliza atasema ni mgongo ndio unamuuma. Alama ya bomba ninayo mkononi mpaka leo, wote wanaiona, na wote wanajua niliipata nikifanya nini wakati mtoto wa Wifi anauawa.

Nimewahi kumuuliza, siku moja tuko wenyewe jikoni, mimi nimetoka kazini miguu inanivimba. Nilimuuliza moja kwa moja.

"Wifi, siku ile ulinihurumia au ulinikomoa?"

Ule mdomo wake haukuwa na utani hata kidogo.

"Mshahara umetoka?"

"Umetoka."

"Basi," akasema, akanyoosha mkono apewe hela ya unga.